Nyusi zikipungua, usikimbilie wanja kwanza

Na Mwandishi Wetu, London

Ukiingia katika saluni yoyote ya akina dada wa Afrika Mashariki, iwe ni hapa London, Muscat, Minneapolis au Kariakoo, huchukui muda kabla ya kusikia lalamiko hili: nyusi zimeisha. Mmoja atasema mkia wa unyusi umepotea kabisa, mwingine kwamba hawezi kutoka nyumbani bila kupaka wanja, na wa tatu atakuwa ameshaweka miadi ya kuchorwa nyusi za kudumu. Mazungumzo huhamia haraka kwenye mafuta ya kupaka na bei ya fundi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la msingi: zimeondoka kwa nini?

Swali hilo ndilo tutakaloliangalia katika makala haya. Nyusi zinaweza kupungua kwa sababu ndogo kabisa, kama vile kibanio kilichotumika kupita kiasi. Lakini pia zinaweza kupungua kwa sababu kubwa, kama vile maradhi ya tezi ya shingoni, kaswende na hata ukoma. Baadhi ya maradhi hayo yakiwahiwa, nyusi hurudi zenyewe. Yakicheleweshwa hazirudi tena, na wakati mwingine si nyusi peke yake zinazopotea.

Wala hili si jambo la wanawake tu. Wanaume nao hupungukiwa na nyusi. Tofauti ni kwamba wengi wao hawana wanja wa kuficha, na wala hawana mtu wa kumwambia.

NYUSI ZINA KAZI GANI?

Kazi ya kwanza ni ya ulinzi. Nyusi huzuia jasho na maji ya mvua yasiteremke moja kwa moja machoni. Kazi ya pili ni ya mawasiliano: hasira, mshangao, mashaka na upole vyote hupita hapo kabla mtu hajafungua mdomo.

Kazi ya tatu ndiyo wengi wetu hatuifahamu. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, akiwemo Javid Sadr na Pawan Sinha, walichapisha utafiti wao kuhusu namna watu wanavyozitambua sura. Waliwaonyesha watu picha za watu mashuhuri, nyingine zikiwa zimefutwa macho na nyingine zimefutwa nyusi. Ikaonekana kwamba watu walishindwa zaidi kuzitambua sura zisizo na nyusi kuliko zile zisizo na macho. Kwa hiyo anayesema, "Tangu nyusi zitoke sijitambui kwenye kioo," haleti madaha. Anasema kweli.

Ni vizuri pia kujua jinsi zinavyoota. Unywele wa kichwani hukua mfululizo kwa miaka kati ya 2 na 6 kabla ya kupumzika na kudondoka. Unywele wa kwenye unyusi hukua kwa wiki chache tu, kisha hupumzika kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana nyusi hazirefuki kama nywele za kichwani, na ndiyo maana pia zikishatoka hazirudi kwa haraka. Dawa yoyote ile, nzuri au mbaya, haiwezi kuhukumiwa kabla ya miezi mitatu au minne. Anayekuahidi nyusi mpya ndani ya wiki moja anataka pesa zako.

KIBANIO, UZI NA WEMBE

Sababu inayojulikana zaidi ni kutinda kupita kiasi. Mitindo ya nyusi hubadilika kama mitindo ya nguo. Katika miaka ya 1920, enzi za mcheza sinema Clara Bow, nyusi zilikuwa uzi mwembamba unaoteremka. Miaka ya 1980 zikarudi nene. Miaka ya 1990 zikawa nyembamba tena, na baada ya 2010 mtindo ukageuka kuwa nyusi nzito. Msichana aliyeng'oa nyusi zake katika miaka ya 1990 leo ni mama mtu mzima, na mtindo umemwacha akitafuta kitu alichokitupa mwenyewe.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Wembe hukata unywele juu ya ngozi tu na mzizi hubaki salama, hivyo nyusi zilizonyolewa hurudi, ingawa huchukua miezi. Ile imani kwamba nyusi zikinyolewa hazioti tena haina msingi, na ile kwamba unywele ulionyolewa hurudi ukiwa mnene zaidi nayo ni hivyo hivyo. Kibanio, uzi na nta ni habari nyingine, kwani hung'oa unywele pamoja na mzizi wake. Ukifanya mara chache mzizi hujitengeneza upya. Ukirudia sehemu ile ile kwa miaka mingi, baadhi ya mizizi huchoka na kufa.

Aidha, uzi au kibanio kinachopita kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine bila kusafishwa kinaweza kuhamisha chunjua na vijidudu vinavyoleta majipu. Kabla hujakaa kwenye kiti, mwombe fundi atumie uzi mpya na kibanio kilichosafishwa kwa dawa. Hiyo ni haki yako, wala usione haya.

Wapo pia wanaojing'oa nyusi wenyewe bila kukusudia, hasa wakati wa mawazo mengi, masomo mazito au upweke. Hii ni hali inayotambuliwa na madaktari na ina matibabu, hasa ya ushauri nasaha wa kubadili mazoea. Kumgombeza au kumcheka mtu wa namna hiyo hakusaidii kitu.

MKIA WA UNYUSI NA TEZI YA SHINGONI

Tuje sasa kwenye dalili ambayo kila msomaji anapaswa kuikumbuka. Kama theluthi ya nje ya nyusi zote mbili, yaani ule mkia unaoelekea masikioni, inapungua polepole na wewe hujaitinda, fikiria tezi ya thairodi. Tezi hii iko mbele ya shingo na hutoa homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima. Ikilegea, kila kitu hulegea nayo. Dalili ya mkia wa unyusi imepewa jina la daktari wa Ubelgiji, Eugène Hertoghe. Si kila mgonjwa wa tezi huwa nayo, na si kila mwenye nayo ana ugonjwa wa tezi, lakini ni sababu ya kutosha ya kwenda kupima.

Dalili nyingine za tezi iliyolegea ni uchovu usioisha, kuhisi baridi kuliko wenzako, kunenepa bila sababu, kufunga choo, ngozi kukauka, sauti kuwa nzito, hedhi kuwa nyingi, kusahau na huzuni. Soma tena orodha hiyo kwa jicho la mtu anayeishi ughaibuni. Uchovu? Tunafanya kazi zamu mbili. Baridi? Ni Januari, nani hahisi baridi? Kunenepa? Ni chakula cha huku. Huzuni? Ni kuwa mbali na nyumbani. Kila dalili ina kisingizio chake tayari, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi na ugonjwa huu kwa miaka akilaumu hali ya hewa. Nyusi hazijui majira ya baridi. Mkia wake ukipotea, kisingizio cha hali ya hewa kimekwisha.

Kipimo chake ni cha damu, kiitwacho TSH, na ni cha kawaida katika hospitali nyingi za nyumbani na za huku. Matibabu yake, kwa wengi, ni kidonge kimoja cha levothairoksini kila siku, kinachomezwa tumbo likiwa tupu. Wengi hukitumia maisha yao yote. Homoni zikirudi sawa, nyusi nazo mara nyingi hurejea taratibu katika miezi inayofuata.

MARADHI TUNAYOONA HAYA KUYATAJA

Yapo maradhi mawili ambayo hayazungumzwi saluni. La kwanza ni kaswende. Katika hatua yake ya pili, wiki au miezi baada ya kuambukizwa, nywele za kichwani zinaweza kutoka kwa mabaka madogo madogo kama kitambaa kilichotobolewa na nondo, na nyusi nazo zikapungua. Huenda kukawa na vipele visivyowasha, hata kwenye viganja na nyayo. Kipimo chake ni cha damu na tiba yake ni sindano ya penisilini. Bila tiba, kaswende huweza kuharibu moyo na ubongo baada ya miaka, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni.

La pili ni ukoma. Wengi hudhani umekwisha, na ni kweli kwamba umepungua sana. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la Shirika la Afya Duniani la kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Lakini kupungua si kwisha, na wagonjwa wapya bado hugunduliwa. Katika ukoma wa aina yenye vijidudu vingi, nyusi huanza kutoka upande wa nje, kisha zote. Dalili nyingine ni mabaka yenye rangi hafifu au wekundu yasiyohisi maumivu wala joto, ganzi ya mikono na miguu, na vinundu usoni au kwenye ndewe za masikio.

Hili linawahusu walioko mbali kuliko wanavyodhani. Vijidudu vya ukoma hukua polepole mno. Kwa wastani dalili hutokea miaka 5 baada ya kuambukizwa, na huweza kuchukua hata miaka 20. Mtu anaweza kuondoka Tanzania, Kongo au Msumbiji akiwa mzima na dalili zikamtokea Birmingham au Columbus, mbele ya daktari ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa ukoma maishani mwake. Kwa hiyo, msomaji, ukienda kwa daktari kwa ajili ya nyusi au mabaka yenye ganzi, mwambie ulizaliwa wapi na umeishi wapi. Taarifa hiyo ndogo inaweza kukuepusha na miaka ya kuzungushwa.

Watu wengi wana kinga ya asili dhidi ya ukoma, na mgonjwa huacha kuambukiza wengine muda mfupi baada ya kuanza dawa. Dawa hizo ni mchanganyiko unaotumika kwa miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani huzitoa bure kwa nchi zenye ugonjwa huo. Hata hivyo, nyusi zilizoondolewa na ukoma mara nyingi hazirudi, na mishipa ya fahamu iliyokufa haifufuki. Kuwahi ndiyo tiba yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

PAJI LINAPORUDI NYUMA

Kuna ugonjwa mwingine ambao madaktari waliuelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1994 tu, pale daktari Steven Kossard wa Australia alipoandika kuhusu wanawake waliokoma hedhi ambao nywele zao za mbele zilikuwa zikirudi nyuma na kuacha ngozi laini yenye kovu. Huu ni aina ya alopesia inayoacha makovu kwenye paji la uso. Kwa wagonjwa wengi nyusi pia hupungua, na kwa baadhi huanza nyusi kabla ya nywele.

Kwa wanawake weusi ugonjwa huu una mtego wake. Nywele za mbele zikirudi nyuma, kila mtu, hata daktari, huelekea kulaumu misuko: rasta zilikazwa mno, wigi liligandishwa kwa gundi. Ni kweli misuko ya kukaza huondoa nywele za pembeni. Lakini misuko haigusi nyusi. Kama paji linapanda na nyusi nazo zinapungua, sababu huenda si msusi.

Mtego wa pili uko kwenye rangi ya ngozi. Mwaka 2013 daktari wa ngozi Ncoza Dlova wa Afrika Kusini aliandika kuhusu wagonjwa wenye alopesia hii ambao pia walikuwa na weusi uliosambaa usoni, aina ya ugonjwa wa ngozi unaoweza kuonekana kabla nywele hazijaanza kutoka. Hebu fikiria mama aonaye uso wake unaingia weusi na nyusi zinapungua. Atakimbilia wapi? Wengi hukimbilia mkorogo wa kung'arisha uso na wanja wa kuziba nyusi. Mkorogo hautibu ugonjwa huo, na wakati huo mizizi inaendelea kufa chini ya ngozi. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuurudisha nyuma kabisa, lakini madaktari wa ngozi wana dawa za kupaka, sindano na vidonge vya kuusimamisha. Kilichobaki hubaki. Ndiyo maana miezi ina thamani.

SABABU NYINGINE

Alopesia ya viraka hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kushambulia mizizi ya nywele. Unyusi unaweza kuondoka kipande cha mviringo, au nyusi na kope zote zikatoka, hata kwa mtoto. Haiambukizi, na mizizi haifi.

Mba na pumu ya ngozi huleta muwasho, mtu akajikuna na nywele zikakatika. Zikitibiwa, nyusi hurudi. Upungufu wa damu, kula kidogo mno kwa ajili ya kupunguza unene, na maradhi mazito yaliyopita huweza kuchangia. Baadhi ya dawa hufanya hivyo pia, zikiwemo dawa za saratani, ambapo kwa kawaida nyusi huanza kurudi miezi michache baada ya matibabu kumalizika. Na umri nao una sehemu yake: kwa watu wengi nyusi hupungua polepole kadiri miaka inavyokwenda, na hilo si ugonjwa.

PIKO NA MKOROGO

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na pia Oman na Ghuba, kuna desturi ya kupaka rangi nyusi zilizopungua. Hina halisi, ile ya majani, haina ubaya mkubwa kwa watu wengi, lakini rangi yake ni nyekundu au kahawia. Anayetaka weusi hutumia piko, na piko kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali ijulikanayo kwa kifupi PPD. Kemikali hii inaweza kusababisha mzio mkali: ngozi kuvimba, kutoa malengelenge, na nywele zile zile ulizotaka kuzipamba kudondoka. Mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha yote.

Hatari yake karibu na macho si habari mpya. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya jamii hiyo hiyo, ilimpofusha mwanamke mmoja na mwingine akafariki. Mkasa huo ulikuwa miongoni mwa yaliyochochea sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Karibu karne moja imepita, na bado tunapaka piko usiku wa kuamkia harusi bila hata kuijaribu kidogo kwenye mkono siku mbili kabla.

Kuhusu mkorogo, sabuni na krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa kabisa sokoni vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo mwaka 2025. Makubaliano ni jambo moja na duka la mtaani ni jambo jingine. Soma kibandiko, na kama hakuna kibandiko, usinunue.

NAMNA YA KUZIRUDISHA

Hatua ya kwanza haina gharama: acha kutinda. Weka kibanio mbali kwa miezi minne kamili. Zitaota ovyo ovyo na utajiona vibaya, lakini ndiyo njia pekee ya kujua mizizi mingapi bado iko hai. Wanja wa penseli hauna neno katika kipindi hicho, ila uoshe usiku bila kusugua.

Hatua ya pili ni vipimo. Kama hukuwa ukitinda, au miezi minne imepita bila mabadiliko, nenda kwa daktari. Omba kipimo cha tezi na cha damu, na uulize kuhusu kaswende bila kuona haya. Hapa Uingereza anza na daktari wako wa mtaa, ambaye huduma yake chini ya NHS hailipiwi. Marekani, asiye na bima anaweza kwenda kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Walioko nyumbani wana mabingwa wa ngozi katika hospitali kubwa, na Tanzania ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi mjini Moshi, pale KCMC, kilichoanza mwaka 1992.

Hatua ya tatu ni dawa, baada ya kujua sababu. Kwa nyusi zilizochoka kwa kutindwa, minoksidili ya kupaka ina ushahidi kiasi. Dawa hii ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaonekana wanaota nywele. Jaribio lililofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kuwa minoksidili ya asilimia 2 iliongeza nyusi kuliko dawa bandia baada ya wiki 16. Lakini ukiiacha, faida huondoka. Inaweza kuwasha ngozi na kuotesha nywele mahali usipotaka, na haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Dawa nyingine ni bimatoprosti, iliyoanza kama dawa ya presha ya macho na kuidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya kope. Madaktari wengine huitumia kwa nyusi, ila inaweza kutia weusi ngozi ya jirani, na ikiingia jichoni huweza kubadili rangi ya mboni.

Kwa alopesia ya viraka, daktari anaweza kuchoma sindano ndogo za steroidi pale penye kiraka. Kwa walioathirika vibaya, habari njema zilifika hivi karibuni: Marekani iliidhinisha vidonge vya barisitinibu kwa watu wazima mwaka 2022, na ritlesitinibu kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea mwaka 2023. Ni dawa nzito zinazopunguza kinga ya mwili na lazima zisimamiwe na bingwa.

MAFUTA YA NYONYO NA VIDONGE VYA NYWELE

Msomaji atauliza: na mafuta ya nyonyo je? Bibi zetu waliyatumia. Hayana madhara kwa wengi, hulainisha unywele usikatike na huupa mng'ao, hivyo nyusi huonekana nzito. Lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba yanaotesha unywele mahali ambapo mzizi umekufa. Paka ukipenda, ila usiyafanye kisingizio cha kutokwenda kupima. Vitunguu saumu, ndimu na tangawizi viweke jikoni. Kwenye ngozi ya karibu na macho huunguza.

Vidonge vya bayotini vinavyouzwa kwa jina la vitamini ya nywele vinahitaji tahadhari ya pekee. Mtu asiye na upungufu wa bayotini hana ushahidi mzuri wa kufaidika navyo. Tena vinaweza kuvuruga vipimo vya maabara. Novemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa bayotini nyingi mwilini inaweza kuleta majibu ya uongo, kikiwemo kipimo cha moyo, na vipimo vya tezi navyo huathirika. Angalia mzunguko huo: nyusi zinapungua kwa sababu ya tezi, mtu anameza bayotini, anapimwa tezi, na majibu yanaweza kumdanganya daktari. Mweleze daktari kila unachomeza, na umuulize uache siku ngapi kabla ya kutoa damu.

KUCHORA NA KUPANDIKIZA

Kuchora nyusi kwa chale ndogo zenye rangi, maarufu kama maikrobledi, ni aina ya tatuu. Kwa aliyepoteza nyusi moja kwa moja inaweza kumrudishia sura yake. Hata hivyo, rangi hufifia au kubadilika, sindano chafu zinaweza kuleta homa ya ini, na rangi zenye chuma mara chache huleta joto au kuungua ndani ya mashine ya MRI, hivyo mjulishe mtaalamu kabla ya kuingia. Zaidi ya yote, ukichora juu ya ugonjwa ambao bado unaendelea, umeficha dalili uliyohitaji kuiona.

Kwa wasomaji Waislamu kuna swali la dini pia. Kung'oa nyusi kwa ajili ya urembo na kuchanja tatuu ni mambo yaliyokatazwa katika Hadithi, na wanazuoni wametofautiana katika mipaka yake. Kutibu ugonjwa ni mlango mwingine. Muulize shehe unayemwamini, baada ya kumuuliza daktari.

Kupandikiza nyusi kunawezekana. Nywele huchukuliwa kisogoni na kupandwa moja moja. Huko Japani daktari Shoji Okuda aliandika kuhusu upandikizaji wa nywele tangu mwaka 1939. Jambo ambalo matangazo hayalisemi sana ni kwamba unywele wa kisogoni hukumbuka ulikotoka: huendelea kurefuka, na mwenyewe atalazimika kuupunguza kwa mkasi mara kwa mara. Na ugonjwa ukiwa hai, nyusi zilizopandwa nazo zinaweza kutoka.

KWA MUHTASARI

Jisimamishe mbele ya kioo chenye mwanga wa mchana. Je, unatinda? Acha kwa miezi minne. Je, mkia umepotea pande zote mbili na umechoka kila siku? Pima tezi. Je, kuna mabaka yenye ganzi? Nenda kesho, na useme ulikokulia. Je, paji linapanda na uso unaingia weusi? Tafuta daktari wa ngozi kabla ya mkorogo. Je, ni kipande cha mviringo kilichotoka ghafla? Usiogope, lakini nenda.

Makala haya hayawezi kuchukua nafasi ya daktari wako. Kazi yake ni kukufikisha mlangoni kwake mapema. Wanja utaukuta dukani hata mwakani; mzizi uliokufa hauuzwi popote.